Kwa tani mia mnapata ngapi?

Nikimwambia mtu wa nyumbani kwamba kazi yangu ni almasi, swali la kwanza huwa bei. La pili ni kama tunapekuliwa mlangoni. Siwalaumu, maana mimi ni mtu wa Shinyanga, na kwetu ukitaja almasi umetaja Mwadui: uzio, walinzi, na hadithi za mawe yaliyomezwa. Almasi ninayoishika mimi huku Ujerumani, ninakosomea uzamivu, ni kibamba cha mraba chenye upana wa milimita mbili au tatu na unene wa nusu milimita. Hakina rangi wala hakimeti. Ukikiweka juu ya karatasi nyeupe utakitafuta. Hakikuchimbwa popote, kilikuzwa ndani ya mashine, tabaka juu ya tabaka, kutokana na methani na haidrojeni zilizopashwa moto kwa mawimbi ya maikrowevu mpaka zikawa plazima, yaani gesi yenye chaji za umeme. Sonara hana kazi nacho.

Aliyeuliza swali tofauti ni baba mdogo. Alifanya kazi miaka mingi Mwadui kwenye mtambo wa kuchambua, pale kokoto zilizokwisha kusagwa na kuoshwa zinapopita chini ya eksirei. Almasi ikipigwa eksirei hung'aa. Kitambuzi kikiuona mng'ao, hewa ya kasi hupulizwa na kulirusha jiwe hilo kwenye njia yake. Kwa hiyo nilipokwenda likizo nikamweleza kwamba sisi tunaimulika almasi kwa leza ya kijani ili itoe mwanga mwekundu, kisha tunauhesabu mwanga huo chembe kwa chembe, hakushtuka hata kidogo. Alisikiliza kama mtu anayepewa habari za kazini kwake. Akauliza, "Sasa mwanangu, kwa tani mia mnapata ngapi?"

Mgodini hicho ndicho kipimo: karati kwa tani mia za mwamba. Mwadui ni bomba la kimbalaiti, mwamba wa volkano unaobeba almasi, lenye hekta 146 juu ya ardhi, miongoni mwa makubwa kabisa duniani, lakini almasi zake zimetawanyika sana ndani ya udongo huo wote. Watu wanalikumbuka jiwe la waridi la karati 54.5 lililopatikana mwaka 1947, ambalo John Williamson, Mkanada aliyeugundua mgodi mwaka 1940, alimpa Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake. Likachongwa, likabaki karati 23.6. Ila wanaofanya kazi kwenye mtambo wanajua kwamba mgodi hauendeshwi na jiwe moja la waridi. Unaendeshwa na ile hesabu ya kila siku, tani ngapi zimeingia na karati ngapi zimetoka. Nilimjibu baba mdogo kisomi, akanisikiliza kwa subira, halafu akarudia swali lake vilevile.

Kwenye fani yetu swali hilo halipendwi sana, na mimi nimekuja kuamini kwamba ndilo lenye uzito kuliko yote.

Tunachokitafuta ni kasoro. Ndani ya almasi kaboni zimejipanga kwa utaratibu mkali. Mahali fulani atomu moja ya kaboni inakosekana, nafasi yake imeshikwa na naitrojeni, na jirani kabisa pamebaki pengo lisilo na kitu. Pea hiyo ya naitrojeni na pengo, ambayo kila mtu wa fani anaiita NV, ni kitovu cha rangi: inameza mwanga wa kijani na kutema mwekundu. Kwa kuwa kitovu ni kimoja, hutoa fotoni moja tu, yaani chembe moja ya mwanga, kwa zamu, na kila zamu huchukua wastani wa nanosekunde 12, yaani sehemu 12 za bilioni za sekunde. Balbu haifanyi hivyo. Leza nayo, hata ukiidhoofisha mpaka karibu izime, hutoa fotoni kwa bahati nasibu: mara hakuna, mara moja, mara mbili zimeongozana.

Namna ya kuthibitisha kwamba kweli ni moja moja ilizaliwa kwa wanaastronomia. Hanbury Brown na Twiss walitumia vitambuzi viwili mwaka 1956 kupima upana wa nyota Sirius. Sisi tunachukua wazo lilelile: mwanga unafika kwenye kioo kinachougawa nusu kwa nusu, kila upande una kitambuzi chake, na tunahesabu ni mara ngapi vyote viwili vinalia kwa wakati mmoja. Fotoni moja haigawanyiki, kwa hiyo ikiwa chanzo ni kitovu kimoja, vitambuzi havitalia pamoja kamwe. Kwenye grafu panatokea bonde pale katikati, kwenye sifuri. Vitovu viwili vikiwa vimekaa karibu mno, bonde litaishia nusu. Ndiyo maana mtu akikuonyesha bonde lililoshuka chini ya nusu, unampa mkono. Kimble, Dagenais na Mandel waliliona bonde hili mwaka 1977 kwa atomu za sodiamu. Mwaka 1997 kundi moja la Chemnitz likafanikiwa kuona NV moja moja kwa hadubini, na kufikia mwaka 2000 kundi la Munich na jingine la Orsay, Ufaransa, walikuwa wameliona bonde ndani ya almasi, katika joto la kawaida la chumba.

Mimi nilipoliona langu la kwanza, kilichonishangaza hakikuwa bonde. Kilikuwa ni uchache wa fotoni. Piga hesabu mwenyewe: kitovu kinachohitaji nanosekunde 12 kwa kila fotoni kingeweza kutoa karibu milioni 80 kwa sekunde. Kwenye skrini yangu zilikuwa zinaingia makumi ya maelfu. Nilikagua lenzi, nikakagua vioo, nikamwita mwenzangu mwenye uzoefu akakagua tena. Kila kitu kilikuwa sawa. Zilizobaki zilikuwa zimenaswa ndani ya almasi.

Hapa ndipo kazi yetu na ya sonara zinapogombana. Almasi inaupinda mwanga kwa kipimo cha 2.4, kikubwa kuliko karibu kila kitu kiangavu unachoweza kukinunua. Mwanga uliomo ndani ukiufikia uso kwa pembe inayozidi digrii 24 na kitu, hautoki; unarudishwa wote ndani. Mchonga vito anaishi kwa jambo hilo: anazipanga nyuso za jiwe ili mwanga uzunguke ndani kisha utokee pale jicho lilipo. Kwangu mimi ni wizi mtupu. Fotoni nimeilipia, imezaliwa, na inaishia pembeni mwa kibamba ambako hakuna anayeisubiri.

Basi nanofotoniki ya almasi, ukiivua maneno makubwa, ni ufundi wa kuzitoa fotoni nje na kuzielekeza. Njia rahisi ni kuchonga nguzo. Kundi la Harvard lilionyesha mwaka 2010 kwamba nguzo ya almasi yenye kipenyo cha nanomita 200 hivi na urefu wa maikromita 2, ikiwa na NV ndani yake, inaongeza mavuno ya fotoni takriban mara kumi. Njia ngumu zaidi ni kuchonga mhimili mwembamba unaoning'inia hewani na kuutoboa safu ya vitundu, ukiipanga nafasi kati ya kitundu na kitundu kwa namna ambayo mwanga wa rangi moja tu unanaswa katikati. Hiyo tunaiita chemba. Mwanafizikia Edward Purcell alishaandika mwaka 1946 kwamba ukibadilisha mazingira ya kitu kinachotoa mwanga unabadilisha kasi yake ya kuutoa. Kitovu kikiwekwa ndani ya chemba nzuri hutema fotoni haraka zaidi, tena kwenye njia uliyoichagua wewe.

Kuyaandika haya ni dakika mbili. Kuyafanya ni maisha ya chumba safi, maabara iliyochujwa vumbi, na huko ndiko nilikopoteza ujana wangu, nasema nusu kwa utani.

Tatizo la kwanza ni ukubwa wa jiwe. Viwanda vya chipu hufanya kazi na sahani za silikoni pana kama sinia. Mashine zote zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Sisi tunakuja na kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele, tunakibandika juu ya kipande cha silikoni, halafu tunaiomba mashine ikichukulie kama kitu cha maana. Utando unaopakwa juu yake ili uchorwe kwa elektroni haukai sawasawa. Unajilundika ukingoni, kwa hiyo kona zote nne huhesabiki nazo tangu mwanzo. Almasi haipitishi umeme, hivyo elektroni za kuchorea zinarundikana juu yake na kuupotosha mchoro, mpaka uipake kwanza kitu kinachopitisha umeme. Halafu kuna kibano. Kibano kikibana vibaya jiwe linaruka, na jiwe lisilo na rangi likianguka kwenye sakafu nyeupe, watu wazima wenye shahada wanapiga magoti wote na tochi.

Tatizo la pili ni kuchonga kwenyewe. Watu hudhani almasi, kwa ugumu wake, inachongwa kwa nguvu. Hapana. Inachongwa kwa oksijeni. Almasi ni kaboni; ukiileta plazima ya oksijeni juu yake, kaboni inaondoka ikiwa kaboni monoksidi na kaboni dayoksidi, kama mkaa unaoungua ila kwa utaratibu. Sehemu tunazotaka zibaki tunazifunika kwa utando unaogeuka kuwa kama kioo, ambao oksijeni haiuwezi. Ila hata punje ya vumbi nayo ni kifuniko. Pale ilipotua, almasi ya chini yake haichongwi, na ukitazama kwenye hadubini ya elektroni unakuta msitu wa sindano mahali ulipotarajia sakafu laini. Na kwa kuwa chini ya almasi ni almasi hiyohiyo, hakuna tabaka laini la kuyeyusha ili mhimili ubaki unaning'inia. Inabidi kuchonga kwa mshazari kutoka pande mbili mpaka michongo ikutane kwa chini, na mhimili unaobaki una umbo la pembetatu. Kundi la Harvard lilichapisha mbinu hiyo mwaka 2012, na mpaka leo nikiuona mhimili uliotoka salama nafurahi kama fundi seremala aliyefunga kona bila mwanya.

Kabla ya yote hayo kuna kupandikiza. Jiwe safi, lenye naitrojeni chini ya atomu 5 kwa kila atomu bilioni moja, halina vitovu vya kutosha mahali unapovitaka. Tunapiga ioni, yaani atomu zenye chaji, ndani yake, kisha tunalioka ndani ya ombwe kwenye nyuzi 800 na zaidi, mapengo yanaanza kutembea, na baadhi yanakutana na ioni na kutulia. Baadhi tu. Kwa kawaida ni asilimia chache za ioni ulizopiga.

Tanuri la kuokea ni la watu wengi. Kuna kipindi ombwe lake lilikuwa linavuja taratibu, hakuna aliyeandika daftarini, na mawe yetu yakatoka meusi. Almasi ikiwa na joto kali na hewa ikapata upenyo, uso wake unageuka grafiti. Tuliyachemsha kwenye mchanganyiko wa tindikali tatu, ya naitriki, ya salfuriki na ya pakloriki, kazi inayofanywa ndani ya kabati la moshi kwa glavu nene na bila mzaha. Weusi ulitoka. Ila uso ulikuwa umeshaliwa, na uso ulioliwa ni uso wenye chaji zinazorukaruka.

Uso ndio uliotufanya tuachane na NV kwenye chemba. NV ina wema wake mkubwa, nitaurudia, lakini ina kasoro mbili zinazomkera mtu wa nanofotoniki. Kwanza, asilimia 3 tu za fotoni zake ndizo zinatoka kwenye ule mstari safi wa nanomita 637. Zilizobaki zinatoka zimetikiswa na mitetemo ya almasi, rangi zimesambaa, hazifai kwa kazi ambayo fotoni mbili lazima zifanane kabisa. Pili, chaji yoyote inayosogea karibu yake inauyumbisha mstari huo. Ndani ya jiwe nene haijalishi sana. Ndani ya mhimili wenye upana wa nanomita mia chache, uso uko karibu kila upande.

Kitovu cha silikoni ni tabia nyingine. Atomu ya silikoni hukaa katikati ya mapengo mawili, kushoto na kulia sawasawa, na ulinganifu huo unaifanya isijali sana umeme ulio jirani. Mstari wake uko nanomita 737 na karibu asilimia 70 ya mwanga hutoka humo. Ukisikia hivyo unajiuliza kwa nini mtu yeyote bado anahangaika na NV. Jibu ni baridi. Ili spini ya kitovu cha silikoni, yaani ule usumaku mdogo wa elektroni unaotunza habari, ishike kumbukumbu, unalishusha jiwe mpaka kelvini 0.1 hivi, karibu na baridi ya mwisho kabisa, na friji ya kufika huko ni mtambo wa chumba kizima. Kitovu cha bati, chenye mstari karibu na nanomita 620, kinaridhika na kelvini 1 au 2. Mimi nina mapenzi na bati, lakini kundi letu lilishawekeza kwenye silikoni kabla sijafika, na friji hainunuliwi kwa mapenzi ya mwanafunzi.

Usiku nilioukumbuka kuliko wote ni wa silikoni. Chemba yetu haikutoka kwenye rangi tuliyoitaka; ukikosea nanomita chache kwenye kitundu, rangi inayopendwa na chemba inahama. Dawa yake ni ya ajabu kidogo: unaingiza gesi kidogokidogo ndani ya kriostati, yaani ile friji, gesi inaganda juu ya mhimili, na utando huo mwembamba wa barafu unaisogeza rangi ya chemba kuelekea wekundu. Ukipitiliza, unaipasha kwa leza gesi iondoke, unaanza tena. Niliifungua valvu kwa vidole vya woga nikiitazama chemba inatambaa kuelekea 737. Ilipofika, mwanga wa kitovu ulipanda ghafla kwenye skrini. Nilipiga picha nikamtumia profesa saa nane za usiku, akajibu hapohapo, jambo ambalo mpaka leo sijui kama ni sifa au ni ugonjwa wa kazi yetu.

Nikampigia baba mdogo kesho yake. "Shikamoo baba mdogo, tumepata." "Marahaba. Mmepata ngapi?" Nikasema moja. Akacheka. "Hiyo ni ya waridi hiyo. Zilizobaki?"

Zilizobaki. Hebu tuzihesabu kwa mfano wa kubuni, maana ndivyo tunavyofanya kwenye kikao cha kila wiki. Tuseme nusu ya mihimili inatoka salama. Tuseme katika iliyo salama, mmoja kati ya mitano una rangi inayoweza kusogezwa mpaka mahali pake. Tuseme katika hiyo, mmoja kati ya kumi una kitovu kilichokaa katikati ya chemba na si pembeni. Nusu mara moja ya tano mara moja ya kumi ni mmoja katika mia. Ukitaka vifaa viwili vinavyofanana, vya kuunganisha sehemu mbili, hali ni mbaya zaidi. Hakuna hatua hata moja hapo iliyo mbaya peke yake. Zikizidishana ndiyo zinakuua. Nilichojifunza kwa vitendo ni kutohangaika na hatua niliyoizoea kwa sababu tu naipenda. Mwenzangu mmoja alitumia muda mrefu kuifanya mihimili yake iwe laini zaidi huku ioni zake zikitua popote. Chemba zake zilikuwa nzuri ajabu, nyingi hazina kitu ndani.

Makala za kisayansi haziandikwi hivi. Kwenye makala unaona kifaa bora, picha yake, bonde lake lililoshuka karibu na sifuri. Sisemi wanadanganya; rekodi ina kazi yake, inaonyesha kwamba jambo linawezekana. Lakini siku hizi nikifungua makala naanzia nyuma, kwenye viambatisho, natafuta mambo mawili: walitengeneza vifaa vingapi, na kama bonde limeonyeshwa kabla ya kuondolewa mwanga wa takataka. Walioandika vyote viwili waziwazi ndio ninaowaamini hata kwenye mambo mengine.

Kuna makala moja maarufu ambayo ukiisoma kwa jicho la baba mdogo inakuwa nzuri zaidi. Mwaka 2015 kundi la Ronald Hanson pale Delft, Uholanzi, lilifungamanisha spini za NV mbili zilizotenganishwa na kilomita 1.3, yaani kuzifanya ziwe na hali moja ya pamoja ingawa ziko mbali, na kulifanya jaribio la Bell, la kuthibitisha kwamba ufungamano huo hauelezeki kwa fizikia ya kawaida, bila mianya iliyokuwa ikilalamikiwa kwa miongo. Vyombo vya habari viliandika kwamba Einstein amekosea. Mimi naona namba nyingine: matukio 245 ndani ya saa 220. Takriban moja kwa saa. Zile asilimia 3, fotoni zilizonaswa kwenye jiwe, hasara ya faiba, vyote vimo kwenye namba hiyo. Mwaka 2018 kundi hilohilo, kwa vifaa vilivyo ndani ya maabara moja na kwa mbinu inayohitaji fotoni moja badala ya mbili, walifika kasi ya kufungamanisha mara 39 kwa sekunde. Kitovu ni kilekile, NV. Kilichobadilika ni mahali walipoacha kupoteza.

Na kwa nini mtu ahangaike hivi? Chukua faiba kama ile ya mkongo wetu wa taifa. Faiba nzuri, kwa mwanga wa nanomita 1550, hupoteza desibeli 0.2 kwa kilomita. Baada ya kilomita 50 imebaki fotoni moja katika kumi, baada ya 100 moja katika mia. Sasa vuta faiba ya kilomita 1,000, ambayo haikufikishi hata Mwanza ukitokea Dar es Salaam kwa barabara. Ukirusha fotoni bilioni moja kila sekunde, utaisubiri ya kwanza ifike kwa zaidi ya miaka 3,000. Intaneti ya kawaida inaweka vikuza-mwanga njiani na mambo yanakwisha. Hali ya kikwanta, ile habari inayobebwa na fotoni moja au spini moja, haikuziki, kwa sababu haiwezi kunakiliwa. Wootters na Zurek walilithibitisha hilo mwaka 1982, na Dieks pia. Kinachohitajika ni vituo vya kupokezana vyenye kumbukumbu, vinavyoweza kuishika hali hiyo mpaka kipande kinachofuata cha njia kiwe tayari.

Hapo ndipo almasi inapojipatia heshima yake. Mtu akiniuliza chanzo bora cha fotoni moja moja tupu, zenye mwanga mkali na zinazofanana, namwambia bila wivu aende kwa wanaotengeneza nukta za kwanta, chembe ndogo mno za indiamu na aseniki, wametuzidi. Lakini almasi ina spini inayoshika. Delft walionyesha mwaka 2019 kwamba spini za kaboni-13 zilizozunguka NV moja zinaweza kutunza hali ya kikwanta kwa zaidi ya dakika moja, na kwa fotoni dakika moja ni milele. Mwaka 2024 kundi la Harvard likafungamanisha kumbukumbu mbili za vitovu vya silikoni ndani ya chemba za almasi, kupitia faiba ya kilomita 35 iliyozungushwa kwenye mitaa ya Boston, baada ya kuugeuza mwanga wa 737 kuwa wa nanomita 1350 ili faiba isiumeze.

Kwenye suala la mavuno, hatua iliyonifurahisha kuliko zote ni ya watu wa MIT mwaka 2020. Waliacha kung'ang'ania kibamba kimoja kitoke kamili. Walichonga vipande vidogo vidogo vya almasi, kila kimoja na njia zake kadhaa za mwanga, wakavipima, wakachagua vizuri tu, wakavihamishia kwenye chipu ya alumini naitraidi mpaka wakapata njia 128 zote zikiwa na vitovu. Nilipomweleza baba mdogo, alinikatiza kabla sijamaliza. "Wamejenga mtambo wa kuchambua," akasema. Sikuwa na la kuongeza.

Siku hizi vijana wa vyuo vya nyumbani huniandikia wakiuliza waanzie wapi, wengi wakidhani lazima kwanza wapate friji ya kelvini 0.1. Huu ndio ule wema wa NV nilioahidi kuurudia: spini yake inasomeka kwenye joto la chumba, Dar au Kampala, feni ikiwa inazunguka. Tafuta unga wa almasi ndogondogo wenye NV nyingi, leza ya kijani ya nanomita 532 na miwani yake ya kinga, kichujio chekundu, kitambuzi cha fotodayodi, na chanzo cha maikrowevu kinachoweza kupita gigahezi 2.87 kikilisha kitanzi kidogo cha waya ulichokichomelea mwenyewe. Jifunze kuchomelea vizuri, na jifunze takwimu kabla ya kujifunza maneno ya kikwanta. Telezesha masafa polepole huku ukiangalia mwanga mwekundu. Ukifika 2.87 mwanga unapungua kwa asilimia chache, wakati mwingine chini ya moja, kwa hiyo pima mara nyingi na uchukue wastani. Ukishaliona bonde hilo, sogeza sumaku iliyotoka kwenye spika kuukuu. Bonde litapanuka na kuanza kupasuka, kwa sababu chembe za unga zimelala kila upande na kila moja inaihisi sumaku kwa pembe yake. Ukipata jiwe zima badala ya unga utayaona mabonde yakijitenga waziwazi, na umbali kati yao utakuambia nguvu ya sumaku yako ni ngapi.